Uzee una bei: namna ya kuihesabu na kuilipa kidogo kidogo ukiwa Nakuru

Baba yangu alistaafu kazi ya serikali mwaka 2008 akiwa na miaka 55, kabla umri wa kustaafu haujasogezwa hadi 60. Alipokea mkupuo wake, yaani pesa za kustaafu za mara moja, akanunua matatu ya Nissan iliyotumika, ya kwenda Njoro. Hakuwa amewahi kufanya biashara ya matatu hata siku moja. Mara injini, mara faini, mara dereva analeta hesabu nusu. Kufikia mwaka 2011 gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanalala ndani yake. Kilichowalisha yeye na mama tangu hapo ni pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na daftari la mama la kurasa 96 ambamo aliandika chumvi, mafuta ya taa, kipande cha sabuni. Mama hakuwahi kuajiriwa. Lakini ndiye aliyejua, kwa shilingi, maisha yao yanagharimu ngapi, na kwa hiyo ndiye aliyejua pensheni ile itawafikisha tarehe ngapi.

Mimi nina miaka 54. Nauza viazi na vitunguu katika Soko la Wakulima hapa Nakuru, na nimekuwa mweka hazina wa chama chetu cha akiba cha wanawake 14 kwa miaka mingi. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Mama, nianze kuweka ngapi ili nisiaibike uzeeni?" Mimi humrudishia mwenye swali lake: wewe sasa unaishi kwa ngapi? Karibu wote hawajui. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu kubana matumizi hulipa mara mbili. Shilingi usiyotumia leo unaweza kuiweka, na ukishazoea kuishi bila kuitumia, huhitaji kuitafuta tena ukiwa na miaka 70.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 30

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni mwa aproni. Andika kila shilingi inayotoka, siku 30 mfululizo, na mwezi huo usibadilishe mwenendo wako hata kidogo. Ukianza kujibana siku ya kwanza, daftari litakudanganya. Pesa ya simu ina taarifa yake unayoweza kuisoma baadaye. Pesa ya mkononi haina, kwa hiyo andika jioni kabla hujalala, si kesho yake.

Gawa kurasa kwa safu nne: chakula na moto wa kupikia; nyumba na nauli; watu; na madeni. Safu ya "watu" ni michango ya matanga, harusi, harambee ya hospitali, ya kutuma nyumbani, sadaka, na soda ya mgeni. Wengi hushtuka wakiijumlisha. Mwanachama mwenzetu mmoja alikuwa na hakika kwamba kodi ya nyumba ndiyo inayommaliza, kumbe watu walikuwa wanachukua zaidi ya mwenye ploti.

Mambo yanayolipwa mara moja au mara tatu kwa mwaka, kama karo, sare na bima, yagawe kwa 12 uyaongeze.

Hatua ya pili: tafuta bei ya uzee wako mwenyewe

Chukua jumla ya mwezi. Futa vitu ambavyo havitakuwepo: karo, nauli ya kwenda kazini, deni utakalokuwa umemaliza. Kodi ya nyumba ifute tu kama una hakika ya paa lako. Kisha ongeza vinavyokuja na umri: dawa za presha au sukari, miwani, meno (sisi wa Nakuru maji yetu yana floridi nyingi na meno yetu yanaonyesha), na kijana wa kukuchotea maji au kukulimia.

Hesabu yangu ya mwaka jana ilikuwa hivi. Jumla ya mwezi shilingi 24,600. Nikafuta karo 6,500 na nauli 2,600, ikabaki 15,500. Nikaongeza 2,500 za dawa na kliniki. Uzee wangu, kwa bei za leo, ni shilingi 18,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa mwaka. Sikuipenda nambari hiyo, lakini tangu siku ile sikuwaza tena kuhusu "mamilioni" nisiyoyajua. Nilikuwa na kitu cha kupunguza kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza ni matumizi. Ukiweza kupunguza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa njia ambayo utaendelea nayo, hizo ni 12,000 kwa mwaka ambazo uzee hautakudai. Kwa miaka 20 ya uzee ni 240,000 kwa bei za leo.

Upande wa pili ni akiba. Tuseme mtu wa miaka 40 anaweka shilingi 50 kwa siku, yaani 1,500 kwa mwezi, mahali panapompa faida ya asilimia 8 kwa mwaka baada ya kodi, na faida inaachwa humo humo. Akifika miaka 60 atakuwa na takriban 883,000, ingawa alichotoa mfukoni ni 360,000. Angeanza na miaka 35 angekuwa na takriban 1,426,000. Ile miaka 5 ya mwanzo inamgharimu 90,000 tu zaidi, nayo inamletea zaidi ya nusu milioni. Akianza na miaka 45 atapata kama 519,000. Mimi nilianza nimechelewa, na ndiyo sababu nawasumbua mabinti wa sokoni wenye miaka 25.

Usiache kuwaza kuhusu kupanda kwa bei. Benki Kuu hulenga mfumuko wa asilimia 5, ikiruhusu nafasi ya 2.5 juu au chini. Kwa asilimia 5 tu, kitu cha shilingi 100 leo kitakuwa zaidi ya 265 baada ya miaka 20, kwa hiyo zile 883,000 zitanunua kile ambacho 333,000 zinanunua leo. Dawa yake ni kuongeza kiwango kila Januari. Aliyeanza na 50 kwa siku asibaki na 50 miaka 20.

Hatua ya tatu: bana penye uzito

Watu wakisikia kubana matumizi huanza na chai na nyama ya Jumapili. Nyama ya Jumapili si tatizo. Katika daftari langu, pesa kubwa ilikuwa inavujia kwenye kadogo.

Kadogo unaijua: mafuta ya kupima ya mbao (shilingi 20), sukari robo, sabuni ya kipande, makaa ya mkebe. Inaokoa jioni ambayo huna pesa, lakini ni duka ghali kuliko yote. Sukari niliinunua robo kwa 45. Mara nne ni 180, na kilo nzima siku hizo kwenye duka lile lile ilikuwa 150. Makaa ndiyo yalinifungua macho. Siku moja nilinunua gunia la 1,900, nikaazima mkebe wa jirani anayeuza, nikaanza kulipima gunia zima uani mbele ya watoto. Lilitoa mikebe 34, pamoja na vumbi ambalo nilikandia mipira ya kupikia maharagwe. Mkebe ulikuwa 80. Mikebe 34 ni 2,720. Nilikuwa nalipa shilingi 820 zaidi kwa mwezi kwa sababu tu sikuwa na 1,900 kwa mpigo. Zigawe 820 kwa siku 30, unapata 27 na ushee. Kima cha chini cha Haba Haba, mpango wa akiba ya uzeeni wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 25 kwa siku. Pensheni yangu ilikuwa inaungua jikoni.

Ukiona hivyo utaelewa kazi halisi ya chama. Mtu wa kipato cha siku hakosi pesa tu, hukosa pesa ya mpigo. Tulibadilisha merry-go-round yetu: badala ya kumpa mtu pesa taslimu ambazo zinaisha kwa njia asizokumbuka, kila zamu mwanachama hununuliwa gunia la makaa, au mtungi wa gesi ujazwe, au mafuta ya galoni, au mahindi.

Kuhusu mahindi, sisi tunaoishi Nakuru tuna bahati ambayo wa Nairobi hawana. Rongai, Njoro na Bahati ziko hapa. Nunua baada ya mavuno, kati ya Novemba na Januari, usingoje Juni wakati maghala yamekauka na bei imepanda. Lakini mahindi yasiyokauka vizuri ni hasara na ni hatari, maana yanaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Fanya jaribio hili kabla hujalipa: chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja au mbili, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye glasi, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, hayo yanaweza kuwekwa. Yafunge katika ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Fukusi hufa kwa kukosa pumzi na huhitaji kutia dawa kwenye chakula.

Kodi ya nyumba ihesabu pamoja na nauli. Mwaka 2016 nilihama Shabab nikaenda Lanet kwa sababu nyumba ilikuwa nafuu kwa 2,500. Nauli ikawa 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26 za soko, jumla 2,600. Nilikuwa nimehama ili nipoteze shilingi 100 kwa mwezi na saa nzima kila siku. Hesabu vyote viwili kwenye karatasi moja kabla hujaita mkokoteni.

Mikopo ya simu ikatae kwa nguvu zako zote. Ukikopa 1,000 na kurudisha 1,090 baada ya mwezi, inaonekana ni tisini tu. Ukifanya hivyo kila mwezi, kwa mwaka umelipa 1,080, zaidi ya ile elfu yenyewe, na bado unadaiwa elfu. Kufuliza, yaani kutumia pesa za M-Pesa ambazo huna, ili ununue mkate ni alama kwamba mwezi wako umepasuka mahali. Rudi kwenye daftari utafute mwanya. Kama tayari una deni la namna hiyo, lilipe kwanza kabla ya kuanza akiba yoyote ya muda mrefu. Hakuna mfuko halali utakaokupa faida inayoshinda riba hiyo.

Kwa michango, sikushauri uwe mkavu. Nitazeeka kati ya watu hawa hawa. Nilichofanya ni kuweka kiasi maalumu cha mwezi kwenye bahasha, na kikiisha nasema wazi: "Mwezi huu nimefikia mwisho, lakini nitakuja kupika." Hakuna matanga ambayo hayahitaji mpishi, na sijawahi kulaumiwa.

Usibane maharagwe, mayai na maziwa ya nyumbani. Usibane miwani, wala viatu vizuri kwa anayesimama kutwa, wala kupima presha. Mwili ukiharibika mapema, bei ya uzee hupanda kuliko akiba yoyote niliyoihesabu hapo juu.

Hatua ya nne: pesa itoke kwanza, na iende mahali panapojulikana

Akiba isingoje kitakachobaki. Mwenye mshahara atume siku mshahara unapoingia. Mwenye kipato cha siku kama mimi atume jioni, kabla hajapita dukani. Sisi sokoni tumekubaliana saa kumi na mbili, tukifunika bidhaa, kila mtu anatuma, halafu tunaulizana.

Mpangilio ninaoshauri huanza na afya. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147# kama bado, pamoja na wategemezi wako. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi tusioajiriwa tunapimwa kipato cha nyumba kwa maswali, kima cha chini ni 300 kwa mwezi, na malipo ni ya mwaka mzima kwa pamoja. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu 3,600 au zaidi kwa mpigo ni mzigo. Weka 10 au 20 kwa siku kwa ajili hiyo tu, au chama kiwe na zamu ya SHA. Kulazwa mara moja bila bima kumeuza mashamba mengi.

Kisha weka pesa ya dharura, matumizi ya miezi mitatu hivi, mahali unapoweza kuifikia. Mfuko wa soko la fedha, ambao wengi huuita MMF, yaani mfuko wa kampuni unaoweka pesa za watu wengi pamoja ili zizae faida, unafaa. Pesa huja ndani ya siku chache ukiiomba, na faida hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Hakikisha kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hii ndiyo inayozuia mikopo ya simu isirudi.

Sasa pesa ya uzee yenyewe. Kwa mwenye ajira, NSSF ni lazima: asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutekelezwa Februari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 200 kwa 200. Miaka 20 ya viwango hivyo ni michango ya 96,000 peke yake. Kwa hiyo wewe uliyefanya kazi siku nyingi chini ya mpango wa zamani, usidhani jina "NSSF" pekee litakubeba.

Na tafadhali angalia taarifa yako. Kabla sijaingia sokoni nilifanya kazi miaka sita katika kiwanda kimoja. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato. Nilipokuja kuomba taarifa, miezi 22 haikuwepo. Zilizopatikana zilipatikana kwa sababu nilikuwa nimehifadhi karatasi zangu kwenye mkebe wa biskuti. Wenzangu waliozitupa hawakuwa na la kuonyesha. Mwajiri anapaswa kupeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kila Januari omba taarifa, linganisha na karatasi zako, na ukiona pengo nenda ofisi ya NSSF nazo ukiwa bado kazini, si miaka kumi baadaye.

Kwa tusioajiriwa kuna Haba Haba niliyoitaja, ambayo hukuruhusu kutoa hadi nusu ya akiba baada ya kuchangia miaka mitano. Kuna pia mpango ulioanzishwa kwa jina la Mbao kwa ajili ya jua kali: ulianza na shilingi 20 kwa siku, na jina hilo ni ile ile mbao ya mtaani. Ukipata mwingine wa kampuni binafsi, uliza kama umesajiliwa na RBA, Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu.

Sacco naipenda. Ni kwa Sacco nilisomesha. Lakini elewa unachonunua. Hisa ni umiliki, hupata gawio na hazitolewi, huuzwa tu kwa mwanachama mwingine. Akiba ndiyo inayokupa mkopo, mara nyingi hadi mara tatu yake, na Sacco nyingi hutoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio. Sacco inayopokea na kutoa amana kama benki lazima iwe na leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco. Leseni ni ya mwaka, kwa hiyo angalia orodha ya mwaka huu. Shida ya Sacco ni udhamini. Nilimdhamini rafiki, akahama mji, akiba yangu ikafungwa miaka miwili nikimlipia deni nisilolila. Tangu hapo nina kanuni: naandika kila niliyemdhamini na kiasi, na sidhamini zaidi ya ninachoweza kulipa. Ukifika miaka 55, acha kabisa kudhamini. Utawaambia nini utakapotaka kujitoa na akiba yako bado imeshikilia mkopo wa mtu mwingine?

Ukikusanya kiasi kikubwa, fikiria bondi za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Kima cha chini ni shilingi 50,000 kwa bondi ya kawaida, unafungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu bila wakala, na riba hulipwa kila miezi sita. Riba ya bondi za miundombinu haitozwi kodi. Chama chetu kinajikusanyia sasa.

Na yeyote anayekuahidi asilimia 20 kwa mwezi, mkimbie, hata kama ni wa kanisa lako. Wakongwe wenzangu wanakumbuka mwaka 2006 na 2007 jinsi upatu ule wa piramidi ulivyokusanya pesa za wastaafu na kufunga milango. Mpaka leo kuna wazee hapa mjini ambao hawapendi kulizungumzia.

Hatua ya tano: ardhi, nyumba na mkupuo

Ploti ni ndoto yetu sote, na paa lako mwenyewe huondoa kodi kwenye bei ya uzee, kwa hiyo sina neno nayo. Ila fanya msako wa hati kwenye masjala ya ardhi kabla ya kutoa hata senti ya kwanza. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na muuzaji aliyeoa au kuolewa lazima alete idhini ya mwenzake. Hapa Nakuru ongeza hili: cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba si hati miliki, hata kiwe cha zamani namna gani. Na jiulize kama ukiwa na miaka 72 utaweza kutoka pale kwenda hospitali usiku. Ploti rahisi milimani, boda isikofika mvua ikinyesha, ni ghali.

Ukipokea mkupuo, uweke kwenye MMF au akaunti ya akiba miezi sita bila kuugusa. Usianze nao biashara ambayo hujawahi kuifanya. Ukitaka matatu, fanya kazi na mwenye matatu miezi mitatu kwanza. Ukitaka kuku, anza na 20. Baba angekuwa na pesa ya kumlipa daktari, badala ya Nissan ya kulalia kuku.

Posho ya serikali ya Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Ni msaada wa kweli kwa waliosajiliwa, lakini ukistaafu na 60 kuna miaka kumi ya kuvuka kabla yake.

Hatua ya sita: ongea na watoto

Wazazi wetu waliwekeza kwetu, nasi tunawatumia. Sioni ubaya. Ubaya ni kutopanga. Waite watoto wote, hata mdogo, wawekee daftari mezani, waambie: uzee wangu ni 18,000, mimi nimefikia kugharamia 11,000, zimebaki saba. Wangu walinyamaza kidogo, kisha kijana wa kwanza akasema, "Mama, hatukuwa tunajua. Sisi tulidhani utahitaji elfu arobaini ndio maana tulikuwa tunaogopa hata kuuliza." Wakagawana. Mmoja analipa SHA yangu ya mwaka, mwingine hununua gunia la mahindi Desemba, na wa tatu bado anasoma. Usichote pesa ya uzee kumlipia mtoto karo ya chuo cha ghali. Yeye ana mkopo wa wanafunzi wa HELB na miaka 40 ya kazi mbele yake.

Hatua ya saba: karatasi

Tafuta faili moja. Weka humo nakala za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, namba za NSSF, SHA, KRA na Sacco, taarifa za kila Januari, hati za ardhi au nakala zake, orodha ya madeni unayodai na unayodaiwa. Usiweke namba za siri za simu wala benki.

Andika wosia ukiwa mzima. Kwa Sheria ya Urithi, wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako ukishuhudiwa na watu wawili, na chagua mashahidi wasiorithi kitu humo. Wosia wa mdomo pia hukubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, haufanyi kazi tena. Kisha pitia majina ya warithi uliowataja Sacco, NSSF na kwenye bima. Pesa ambazo mwenyewe hajulikani au warithi hawakuzifuata huishia kwa mamlaka ya mali isiyodaiwa, UFAA, na familia huzidai kwa barua na viapo. Ukiwa na mzazi au mwenzi aliyefariki, ulizia huko pia.

Mwezi wa Januari uliopita nilimwita binti yangu mkubwa, nikatoa faili kwenye sanduku la bati. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, ndiyo sababu namwonyesha leo. Akakaa kitandani, akasoma karatasi moja moja, taratibu, kama anayesahihisha mtihani. Alipofika kwenye fomu ya NSSF akaniinulia macho. Mrithi aliyeandikwa pale alikuwa bado ni baba yake, na baba yake alifariki mwaka 2019. Mimi ninayewakumbusha wenzangu kila mwaka, sikuwa nimeliona. Jumatatu asubuhi nilimwachia jirani meza yangu ya viazi, nikaenda kulibadilisha.